Gari la Injini Mbili

Fundi Donatus wa Kagongwa alikuwa na dharau, na wala hakujisumbua kuificha. Mtu akishuka kwenye gari la kifahari mbele ya gereji yake, Donatus alimwangalia kuanzia viatu mpaka kofia, halafu akarudi zake chini ya lori alilokuwa akilitengeneza bila hata salamu. Huko chini ndiko maneno yalikotokea. "Amenunua mbio huyo," alisema kwa sauti ya kusikika. "Akili ya kuziendesha ataiagiza lini?"

Dharau hiyo aliipatia mjini Isaka. Alikuwa kijana wa darasa la saba, mtoto wa mfugaji wa upande wa Tinde, amechoka kuchunga ng'ombe wa wajomba zake. Akaenda kukaa pale yanapopanga foleni malori ya kwenda Rwanda, akawa wa kupokeza spana. Miaka tisa alilala chali akidondokewa na oili usoni. Aliyemfundisha, Mzee Sostenes, alikuwa mtu wa maneno machache na makofi mengi, na katika hayo maneno machache moja lilimkaa Donatus kichwani: gari ambalo wewe mwenyewe huthubutu kulipanda, usimpe mwenye gari.

Alipofungua gereji yake Kagongwa, nyuma ya mashine za kukoboa mpunga, Donatus alilifanya neno hilo kuwa sheria. Gari likishapona, fundi ananawa mikono, anaketi kiti cha abiria, mwenye gari anashika usukani, wanakwenda mpaka nje ya mji na kurudi. Hakuna gari lililotoka pale bila safari hiyo, liwe la padri, liwe la polisi. Watu wa Kahama waliziruka gereji zao wenyewe na kuja kwake kwa sababu hiyo tu. Gari likiuzwa, muuzaji hakuwa na haja ya kuapa. Alisema, "Hili Donatus amelipanda," na mnunuzi akanyamaza.

Basi hilo jina likampanda kichwani. Mafundi wenzake wote akawaona takataka. Mmoja anafunga breki kwa maombi, mwingine amejifunzia ufundi kwenye simu, mwingine hajui tofauti ya spana na kijiko. Wateja ndio kabisa. Mkewe, Euphrasia, aliyewapikia makuli wa mashine za mpunga chai na vitumbua pale pale mlangoni, alimwambia kila siku, "Baba Rebeka, hao unaowatukana ndio wanaotulisha." Donatus akajibu kwamba hata ng'ombe anakulisha, na humwombi ushauri.

Waliomchefua kuliko wote walikuwa wachimbaji wa dhahabu. Kwa Donatus wachimbaji waliopata walikuwa wajinga wa aina mbili. Wa kwanza ananunua gari la kasi, anadhani na udereva umo ndani ya bei. Huyo alimdharau, lakini alimwelewa. Wa pili ana gari lake chakavu, analipenda kuliko mkewe, anataka litiwe nguvu lishindane na mapya. Huyo hakumwelewa hata kidogo. "Bibi kizee umvalishe raba, utasema anakwenda kukimbia?" aliuliza, na makuli wakacheka wakijimwagia chai.

Sasa Mayala alikuwa mjinga wa pili.

Alikuja mchana mmoja wa mwezi wa pili akitokea Bugarama, jua la kupasua kichwa, naye amevaa koti la ngozi. Miaka miwili nyuma alikuwa akibeba viroba vya mawe mgongoni. Kisha duara lake, yaani lile shimo alilochimba na wenzake, likatema dhahabu, na tangu siku hiyo hakuwahi kulivua koti. Gari lake lilikuwa Mark II ya zamani, nyeupe iliyokwisha kugeuka manjano, viti vimechanika, sakafu imejaa unga wa mawe, maana kwa gari hilo hilo alikuwa akisombea viroba kupeleka kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe.

"Mwangaluka, fundi!" alisalimia Kisukuma chake, ingawa asubuhi ilikuwa imeshapita zamani.

"Mwangaluka. Linaumwa nini?"

"Haliumwi. Nataka likimbie."

Donatus akatoka chini ya lori ili amwone vizuri. Mayala akaeleza. Jirani yake wa machimboni, Adam, alikuwa amenunua Crown. Wiki iliyopita walikutana kwenye barabara ya vumbi ya kwenda Kahama, Adam akampita, na hakumpita kimya kimya.

"Kanipigia honi mara tatu, fundi. Mara tatu! Mimi na mke wangu na mtoto tumekula vumbi mpaka Kahama. Mke wangu alicheka. Si mimi niliyechekwa?"

"Kanunue Crown na wewe. Hela unayo."

"Siwezi." Mayala akashusha sauti, akaangalia huku na huku. "Mganga wangu alilitia dawa gari hili. Aliipaka kwenye injini, chini huko. Siku ya tatu duara likatema. Akaniambia bahati iko humo. Nikiliuza, au nikilipaki nikachukua jingine, mawe yanarudi ardhini."

Donatus alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo bahati yako inakunywa oili?"

"Cheka tu. Duara ni langu, si lako."

"Nenda zako, Mayala. Mimi sitengenezi hirizi."

Na angeondoka kweli, jambo likaishia hapo. Lakini Mayala alipofungua mlango wa gari alisema, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Basi Adam hakukosea. Alisema Kagongwa hakuna fundi, kuna watu wa kufunga mikanda ya mashine za mpunga."

Jamani, majivuno ya mtu ni mpini. Ukijua pa kumshika, unampeleka utakako. Euphrasia akaacha kugeuza vitumbua. Donatus alisimama na kitambaa chake cha oili mkononi, shingo imevimba, halafu akasema, "Liingize ndani."

Injini ilipatikana Mwanza, imetolewa kwenye gari lililopinduka. Silinda sita, na turbo yake. Ilikuja juu ya lori la mashudu imefungwa na turubai, na Donatus akaipokea kwa mikono miwili. Wiki tatu hakugusa kazi nyingine. Alikata maunti za zamani, vile vishikio vya injini, akachomelea mpya, akabadili gia boksi, akafupisha propela shafti, akatafuta rejeta kubwa, akalala na nyaya kifuani akizihesabu rangi. Pumba za mpunga zilipeperuka kutoka mashineni mchana kutwa, naye akaifunika injini iliyo wazi kwa kanga mbichi za Euphrasia, bila kuomba ruhusa. Huku anafanya kazi anaimba nyimbo za kanisani. Mtu aliyewatukana wajinga wa pili miaka yote hiyo, sasa alikuwa akiwafanyia kazi kwa raha kuliko alivyowahi kufanya kazi yoyote. Nyani haoni kundule.

Kulikuwa na jambo moja tu, na Donatus alilijua tangu siku ya kwanza, maana si mjinga. Breki. Breki za Mark II ile zilitengenezwa kwa injini yake ya zamani, tena zilikuwa zimechoka. Injini mpya ilikuwa na nguvu karibu mara mbili. Zilihitajika diski kubwa, kaliper kubwa, pedi mpya, na zote ziagizwe Dar es Salaam, siku kumi. Akamwambia Mayala, na hapo ndipo alipofanya vizuri kwa mara ya mwisho.

"Siku kumi?" Mayala aliruka. "Jumamosi ni bukwilima! Dada yake mke wangu Klara anaolewa Maganzo. Watu wote watakuwepo, mpaka madalali wa almasi. Adam amealikwa. Nikifika kwa basi nitaweka wapi uso wangu?"

"Breki hazitoshi."

"Si zinashika?"

"Zinashika gari la zamani."

"Basi nitakwenda taratibu."

"Umetumia hela zote hizi uende taratibu?"

Mayala alikuwa ameona kitu pembeni ya ukuta. Ilikuwa injini yake ya zamani, imelala juu ya tairi bovu, inasubiri wanunuzi wa vyuma chakavu. Akaikimbilia kama mtu aliyemkuta mzazi wake amelazwa nje. Dawa ilikuwa humo! Mganga alisema bahati isitoke kwenye gari. Donatus akamweleza kwamba gari haliwezi kuwa na injini mbili. Mayala akasema linaweza, buti lina kazi gani?

Unasikia hayo? Wakaiinua kwa cheni bloku, watu wanne wanahema, wakailaza kwenye buti, wakaifunga kwa mnyororo. Zaidi ya kilo mia ya chuma kisichofanya kazi yoyote. Gari lilikaa chini nyuma, Donatus akalitafutia springi ngumu likanyanyuka. Gari limetiwa nguvu ya kukimbia, halafu limebebeshwa maiti yake lenyewe. Siku hiyo Donatus aliwachekesha makuli mpaka jioni. Hakusema hata mara moja kwamba uzito ule nao utazielemea zile breki.

Na angeweza kusema: gari halitoki. Ndicho alichokuwa akisema siku zote, na wateja walinuna wakakubali. Safari hii hakusema, na sababu yake ni ndogo hata aibu kuitaja. Alitaka Adam apitwe. Alitaka pale Maganzo, mbele ya watu wa almasi na watu wa dhahabu, mtu aulize gari lile limetengenezwa na nani, na ajibiwe. Miaka yote alidharau watu wenye kiherehere cha mbio, kumbe alikuwa hajapata za kwake.

Ijumaa alfajiri alilitoa peke yake, barabara tupu ya kuelekea Isaka. Alikanyaga. Gari likamgandamiza kwenye kiti, turbo ikalia filimbi, na mzee mzima wa miaka hamsini na nne akapiga kelele ya furaha ndani ya gari peke yake. Akakanyaga tena. Mbele, mchungaji alikuwa anavusha ng'ombe.

Donatus alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Mwanzoni zilishika, kisha zikawa kama zinasahau. Buti likamsukuma, gari likaenda ubavu, moshi ukatoka magurudumuni, na liliposimama pua yake ilikuwa inagusa mkia wa ndama. Mchungaji alimtukana kwa Kisukuma matusi ambayo Donatus alikuwa hajayasikia tangu utoto wake. Alikaa na mikono juu ya usukani mpaka ng'ombe wa mwisho akapita, akageuza, akarudi mwendo wa baiskeli.

Sikiliza alichofanya. Alitoa upepo kwenye breki, akaongeza oili yake, akakaza alichoweza kukaza. Pedi zilikuwa zimeungua, zinanuka gereji nzima. Akachukua sabuni ya unga na brashi, akazisugua rimu zote nne mpaka zikang'aa, harufu ikaisha. Euphrasia alipokuja kuwasha moto wa chai aliuliza, "Limekwendaje?" Akajibu, "Limekwenda." Hakumwongopea, na hakumwambia.

Jumamosi saa mbili Mayala akafika na familia yake. Yeye na koti lake. Klara, mkewe, amevaa kitenge kipya, kilemba kirefu, amemshika mkono binti yao Nelly wa miaka minne, naye gauni jeupe la harusi.

"Shikamoo, fundi," alisema Klara akipiga goti kidogo. "Baba Nelly hajalala. Anasema leo tunaruka."

"Marahaba," alisema Donatus, akiwa anaangalia tairi.

Makuli walikuwa wameacha magunia, wamejipanga ukutani. Mayala akawasha. Injini iliposhika, watu walipiga miluzi. Klara akaingia nyuma na Nelly, akampakata. Mayala akafungua mlango wa abiria kwa ndani, akaupigapiga kiti.

"Panda, fundi! Tukupeleke nje ya mji, utarudi na bodaboda. Nawajua wateja wako, lazima upande."

Donatus akafuta mikono. Akafuta tena, na ilikuwa mikavu.

"Leo nendeni tu," alisema. "Mgongo unanisumbua."

Mayala akacheka, hakuona kitu. Makuli waliona. Mmoja alishusha kikombe chake chini polepole. Na Euphrasia aliona kuliko wote, maana alikuwa na mgongo ule nyumbani kwake miaka thelathini na moja, na jana jioni tu ulibeba gunia zima la mpunga kutoka mashineni mpaka stoo bila kulalamika. Alimwangalia mumewe. Donatus aliangalia ndani ya boneti ya lori la jirani, ambayo hakuwa na shughuli nayo.

Euphrasia akaondoa karai motoni. Akajifuta mikono kwenye kanga, akaizungusha upya kiunoni, akaenda akaketi kwenye kile kiti cha abiria na kufunga mlango.

"Nitapanda mimi," alisema. "Si gari la mume wangu? Twende, Baba Nelly."

"Karibu, mayu, karibu mama!" Mayala alishangilia, akatia gia.

"Mama Rebeka, shuka," alisema Donatus.

"Kwa nini?"

"Shuka, nakuambia. Vitumbua vinaungua."

"Nimeviepua. Kwa nini nishuke?"

Gari lilikuwa limeanza kusogea. Hapo Donatus alikimbia, yeye na mgongo wake mbovu, akaingiza mkono dirishani mwa Mayala, akazima na kuchomoa ufunguo.

"Breki haziwezi," alisema. "Jana alfajiri nusura nigonge ng'ombe. Gari halisimami."

Kuli mmoja akasema kwa mshangao wa kweli, "Kumbe!" na wengine wakaanza kuguna. Mayala akatoka akipiga kelele kwamba ametapeliwa, ameaibishwa, kwamba Adam alimwonya, kwamba fundi gani anayeogopa kazi yake mwenyewe. Alikuwa mjinga yule yule wa siku zote, na kwa mara ya kwanza hakuna alichosema ambacho hakikuwa kweli. Donatus alisimama na ufunguo kiganjani.

Klara alishuka taratibu. Alimshusha Nelly, akamnyoosha gauni. Hakupiga kelele. Alimwendea Donatus mpaka karibu, karibu kuliko anavyosimama mwanamke wa Kisukuma mbele ya mzee asiye ndugu yake.

"Fundi, mimi na mwanangu tulishaingia. Ulituona."

"Nilikuoneni."

"Gari likawashwa. Ukasema nendeni."

"Nilisema."

"Nakuuliza kitu kimoja, na usinidanganye. Mama Rebeka asingepanda, ungesema?"

Mashine za mpunga zilikuwa zinanguruma, lakini pale gereji kila mtu alisikia swali. Euphrasia alikuwa ameshuka, ameshika mlango wa gari, naye anasubiri. Donatus aliwaangalia wote wawili. Uongo ulikuwa mdomoni, tayari, na ulikuwa mzuri. Angeweza kusema nilikuwa nakuja kuwazuia, na nusu ya watu wangemwamini. Alimwangalia mtoto na lile gauni jeupe, aibu ikampanda mpaka masikioni, akaona kwamba katika wajinga wote aliowahi kuwacheka akiwa chini ya malori hapakuwa na hata mmoja aliyefikia hapa.

"Nisingesema," alijibu.

Klara akatikisa kichwa, mara moja. Euphrasia akamwinua Nelly, akamweka mgongoni, akamfunga kwa kanga. "Twende stendi, mayu," alimwambia Klara. "Magari ya Shinyanga bado yapo. Nami nakuja, nikamwone bibi harusi." Wakapita mbele ya Donatus, na mkewe hakugeuza shingo.